Jicho Moja na Mashine ya Maita

Kwetu Keko, fundi seremala asiye na kovu hutazamwa kama mgeni. Kidole kilichokatika nusu watu wanakionyesha kwa majigambo, kana kwamba ni cheti cha ufundi. Mimi changu nilikipatia usoni. Mbao kuukuu iliyong'olewa kwenye paa la nyumba iliyobomolewa ilikuwa inapasuliwa kwenye mashine ya meza, banda la jirani, na ndani yake ulikuwamo msumari. Kava la bledi lilishatolewa zamani, ati linachelewesha kazi. Nilikuwa napita tu, ubao begani. Kipande cha chuma kikaingia jicho la kushoto.

Hospitali walipambana. Mwishowe daktari akaniambia kwamba jicho halitaona tena, na kwamba jicho lililoumia vile likiachwa ndani laweza kuleta uvimbe wa kulidhuru na lile zima. Nikatia saini. Leo nina jicho la bandia, na mtu asiyenijua huchukua muda kugundua.

Maumivu yalipita. Kilichonitesa ni umbali. Macho mawili hutazama kitu kila moja kwa pembe yake, na akili inalinganisha hizo picha mbili ikajua kitu kiko mbali kiasi gani. Ukibaki na moja unapima kwa vivuli, kwa ukubwa wa kitu na kwa kutikisa kichwa. Nilimwaga chai pembeni ya kikombe mbele ya wakwe. Nilikanyaga ngazi ambayo haipo. Daladala nazo zilikuwa zinanitokea upande wa kushoto kama zimetoka ardhini. Daktari alisema akili itajifunza taratibu, na kweli imejifunza, lakini ujifunzaji wenyewe ulichukua miezi, na tumbo halingoji miezi.

Hebu fikiria seremala asiyejua patasi iko umbali gani na mstari. Msumeno wa mkono ulikuwa unaniacha na kuondoka zake. Nyundo nikipiga, inapiga kidole. Wateja wangu wa vitanda walihama mmoja mmoja kwa adabu, kila mmoja na udhuru wake. Wenzangu walionihurumia walinipa kazi ya kupiga msasa na kubeba mbao, deiwaka, nami niliyekuwa nawafundisha vijana kazi. Mke wangu akaongeza vitumbua vya alfajiri juu ya biashara yake ya mboga. Kodi ya nyumba ililipwa na vitumbua, na nayasema haya hadharani kwa sababu wanaume wengi wakitoa ushuhuda huruka sehemu hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye neema za Mungu. Neema za Mungu kwangu zilikuwa zinaamka saa kumi usiku kukoroga unga.

Aliyenirudisha kwenye kazi ni mzee mmoja wa pale pale Keko aliyekuwa na presha ya macho. Yeye haoni vizuri miaka mingi, na fremu zake za picha zinakutana kona vizuri kuliko za vijana. Nikaenda kukaa kwake. Nikamwona anatumia sanduku la maita: mbao tatu zilizopigwa misumari kama mfereji, ubavuni zimechanjwa nyufa, mbili za pembe ya digrii 45 na moja iliyonyooka. Unalaza ubao ndani, unausukuma hadi uegemee, msumeno unaingia kwenye ufa na kukata panapotakiwa, utazame usitazame.

"Baba, sasa macho ya nini hapa?" nikamuuliza.

"Macho niliyatumia siku nilipotengeneza sanduku," akajibu. "Tangu hapo naegemeza tu."

Nilikaa naye msimu mzima wa masika nikikata fremu za vioo. Kazi ilikuwa ndogo na malipo madogo, lakini ilikuwa ya useremala.

Wazo la mashine lilitoka kwa mke wangu. Alikuwa ameona kwenye duka la vioo jinsi wanavyokata fremu, akaniambia usiku, "Baba watoto, lile sanduku la mzee si lipo la umeme?" Lipo. Ndiyo hiyo mashine ya maita: bledi ya duara juu ya mkono unaoshuka, meza inayozunguka kushoto na kulia, na ukuta mfupi wa chuma nyuma wa kuegemezea ubao. Ile iitwayo kompaundi, kichwa chake pia hulala ubavu, kwa hiyo unaweza kukata pembe mbili kwa pigo moja. Akakopa kwenye kikoba chake, dhamana ikawa yeye mwenyewe. Tukaenda kuchukua mtumba mmoja, bledi ya inchi 10, yaani milimita 254, mota imara, na kava lililofungwa juu kwa waya.

Ule waya nilioukuta ndio uliokula wiki yangu ya kwanza. Kava la chini la mashine hii linajifungua lenyewe mkono ukishuka na kujifunga ukipanda. Springi ikivunjika, watu hulifunga kwa waya waendelee na kazi. Sikuwasha. Nilitafuta springi, nikalisafisha utomvu uliogandana na vumbi la mtiki, mpaka likawa linarudi lenyewe bila kusaidiwa. Majirani walicheka: mtu amekopa hela ya kikoba, mashine ipo, anasugua kava kwa mafuta ya taa.

Baada ya hapo nikaifunga mezani kwa nati nne, kwa sababu mashine inayotembea ikikata ni hatari hata kwa mwenye macho manne. Kushoto na kulia kwake nikajenga mabawa ya mbao yaliyo sawa kabisa na meza yake, ili ubao mrefu usining'inie na kujipinda katikati ya mkato ukabana bledi. Kimo cha mabawa nilikipima kwa kulaza ubao ulionyooka na kupitisha kucha kwenye muungano. Ukucha ukikwama, bado.

Kisha pembe. Kiwandani hutoka imepangwa, lakini mtumba umeshaangushwa, umebebwa na bodaboda, umegongwa. Namba za kwenye meza usiziamini kabla ya kuzikagua. Nachomoa waya kwenye soketi kwanza, kila mara, kisha naegemeza guni, mguu mmoja kwenye ukuta na mwingine kwenye mwili wa bledi, si kwenye meno, maana meno yametanuka kidogo na yatakudanganya. Halafu kuna kipimo ninachokipenda zaidi kwa kuwa hakihitaji jicho kali: unakata ubao mpana katikati, unageuza kipande kimoja juu chini, unavirudisha vyote viwili kwenye ukuta na kuvisogeza vikutane. Kama mashine imekosea, kosa linajitokeza mara mbili ya lilivyo, na mwanga unapita katikati. Fremu ya picha ina mikato minane. Nusu digrii kwenye kila mkato inakuwa digrii nne kwenye kona ya mwisho, na hapo ndipo watu hujaza gundi na vumbi la mbao wakimwomba Mungu mteja asiwashe taa.

Bledi iliyokuja nayo ilikuwa ya meno 24, ya kupasulia mbao za ujenzi. Kwa fremu na bidi za milango nikanunua ya meno 60. Kuibadilisha kuna jambo moja linalowashangaza vijana: kwenye mashine yangu, kama kwenye nyingi za aina hii, bolti inayoshika bledi hulegezwa kwa kuzungusha kuelekea mshale wa saa unakokwenda, kinyume cha bolti za kawaida. Nimeona watu wakiikaza kwa nguvu zote wakidhani wanaifungua.

Sasa mkato wenyewe, kwa mtu wa jicho moja. Naweka alama kwa penseli yenye ncha. Nalaza ubao, nauegemeza ukutani. Ukiwa umepinda, mgongo wa tao ndio unaogusa ukuta, na penye mkato pasiwe na mwanya wowote. Naufunga kwa klampu. Umeme ukiwa bado haujawashwa, nashusha mkono hadi jino la bledi liguse alama. Nalihisi linavyokwaruza unyuzi wa mbao kabla sijaliona. Jino lazima likae upande wa kipande cha kutupa, kwa sababu bledi inakula karibu milimita tatu na hizo milimita ni lazima zitoke mahali. Napandisha. Hapo ndipo nachomeka, nawasha, nasubiri mlio upande hadi utulie, nashusha polepole bila kuisukuma. Nikimaliza sipandishi. Naachia swichi huku bledi ikiwa chini, nasubiri isimame kabisa, ndipo napandisha. Vipande vingi vinavyoruka hurushwa na mtu aliyepandisha bledi ingali inazunguka.

Mikono yangu haifiki karibu na bledi kwa sentimita 15. Kwa kuwa sipimi umbali kwa jicho, nimepaka rangi nyekundu mezani, kushoto na kulia, na ndani ya wekundu haiingii nyama. Kipande kifupi hakishikwi kwa vidole. Nakikata kutoka kwenye ubao mrefu au nakiacha. Mikono haipishani, yaani wa kushoto haushiki ubao upande wa kulia wa bledi. Glavu sivai penye bledi, na mikono ya shati naikunja.

Kama kuna vipande vingi vya urefu mmoja, napiga kizuizi cha mbao kwenye bawa, ubao unagonga hapo, nakata, nausogeza, unagonga tena. Kizuizi kinakaa upande wa kipande ninachokitaka na kukibana. Upande wa pili unaachwa huru. Ukivibana vyote viwili, kile kilichokatika kitakosa pa kwenda na bledi itakitafutia njia yenyewe.

Upande wangu wa kushoto ndio ulionipa kazi zaidi. Mtu akija huko simwoni, na nikiwa nimevaa viziba masikio simsikii. Nikahamisha mashine ikae na ukuta wa banda kushoto kwangu, njia ya watu ikawa kulia. Anayenitaka anasimama kulia mbele yangu mpaka bledi isimame. Kijana wangu wa kazi aliona ni maringo hadi siku alipomwona mteja akinigusa bega kutoka nyuma. Sikufoka, lakini nilizima mashine, nikaenda kunywa maji.

Miwani ya kinga naivaa hata ninapofagia. Jicho nililobakiwa nalo halina akiba. Mbao kuukuu kwanza zinapitiwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Pakivutika, natafuta msumari. Na vumbi nalo: mvule unawasha pua na kifua, na vumbi la mbao ngumu limo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani. Barakoa hainipendezi usoni lakini navaa.

Umeme wetu nao una tabia zake. Jioni ukiwa mdogo, mlio wa mota unashuka na bledi inaanza kubana ndani ya mninga. Sikati. Waya wa ekstensheni nimeufupisha na kununua mnene, tena siuachi umejizungusha kama nyoka wakati mashine inafanya kazi, kwa sababu unapata moto. Jirani huniambia nikate tu, kazi za watu zinangoja. Zinangoja kweli.

Kazi iliyonirudishia jina ni mkanda wa dari, ule wa mbao unaokaa mshazari kati ya ukuta na dari, kwenye nyumba ya mtu wa Tabata. Mafundi wawili waliutupa kwa sababu kona hazikutani. Ukiulaza kifudifudi mezani, mkanda ambao mgongo wake unaacha digrii 38 na ukuta unataka meza igeuzwe digrii 31.6 na kichwa kilale 33.9, kwa ule wa digrii 45 ni 35.3 na 30. Namba hizo si siri, zimechongwa kwenye mashine nyingi, na watu huzipita kama maandishi ya Kichina. Lakini zinasadiki kwamba kona ya nyumba ni digrii 90, na nyumba zetu, Mungu awasamehe waashi, mara nyingi sivyo. Basi napima kila kona kwa mbao mbili zilizounganishwa na bolti, nakata vipande vya majaribio kwanza, navijaribu juu ya ngazi, nashuka, narekebisha, napanda tena. Mwenye nyumba alikaa kwenye kiti akihesabu nimewasha mashine mara ngapi tangu asubuhi, akaona ni chache mno kwa hela anayolipa. Akanung'unika. Kufikia alasiri kona ya kwanza ikafunga bila gundi, akainuka, akapitisha kidole juu yake, akaniuliza kama naweza kumtengenezea na kabati la jikoni.

Kikoba kimelipwa chote, alhamdulillah. Mke wangu vitumbua hajaacha. Anasema wateja wake ni wa uhakika kuliko wangu. Kijana wangu wa kazi nimeanza kumwachia mikato ya pembe moja. Ya pembe mbili bado, kwa sababu anapenda kupandisha bledi kabla haijasimama, na hilo halijatoka mkononi mwake.