Chumba cha Mwani

Mama, kwa simu kutoka Unguja, aliniuliza iwapo huku Ufipa nasikia walau harufu ya bahari. Sikumjibu. Sumbawanga imekaa juu, yapata mita 1,800, na upepo wake hauna chumvi.

Usiku ule nikashika penseli. Juu, tangi la kioo la matumbawe. Chini, ndani ya kabati, tangi la pili lenye vyumba vitatu: cha kwanza maji yatue na kuacha taka. Cha pili mwani uote chini ya taa, ule uchafu wa samaki ulioyeyuka. Cha tatu pampu iyapandishe tena. Humo chini nikaacha nafasi tupu, kwani pampu ikizimika maji ya juu hushuka, na sakafu si ufuo.

Umeme ukakatika nikiwa bado nachora. Gizani nikahesabu saa ambazo matumbawe yangestahimili maji yaliyosimama, katika hewa hii nyepesi. Yang'olewe mwambani kwa ajili ya upweke wangu? Nikayafuta. Nitateremka Kasanga, nichukue samaki waishio majabalini mwa Ziwa Tanganyika. Chumba cha mwani nitakijaza changarawe.

Nilipomweleza, Mama alicheka: "Samaki asiyeijua chumvi, mwanangu, utamwimbia nini?"