Ua wa Bibi Mjini Bujumbura na Lenzi ya Bei Nafuu

Barabara ya kutoka Kigoma hupanda hadi mpakani Manyovu, huvuka na kuingia Mugina, kisha huteremka mpaka kwenye Ziwa Tanganyika. Tangu Nyanza-Lac, kwa kupitia Rumonge, hadi Bujumbura, msafiri haachani na maji kwa muda mrefu. Kushoto kwake ni ziwa. Kulia ni michikichi, na nyuma ya michikichi vilima vya migomba na mihogo. Ng'ambo ya ziwa, siku ya hewa safi, husimama milima ya Kongo, ya samawati chini na ya kijivu juu, kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Gari likisimama ili abiria wajinyooshe, hakosekani mmoja wa kutoa kamera. Huyo akirudi nyumbani na kuzitazama picha zake, huona mbingu nyingi, maji mengi, na katikati mstari mwembamba kama uzi. Huo ndio mlima.

Kosa si la kamera. Ni la imani iliyoenea kwamba lenzi pana ndiyo ya kupigia vitu vikubwa. Lenzi pana hukusanya mengi, na ili yote yaenee, hapana budi kila kimoja kipunguzwe. Mlima unaoinuka kilomita 2 juu ya ziwa, ukipigwa kutoka umbali wa kilomita 25 kwa lenzi ya milimita 28 katika kamera ya filamu ya kawaida, huchukua kiasi cha sentimita 1 tu ya kimo katika picha iliyochapwa kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15. Mlima ule ule kwa lenzi ya milimita 135 huchukua sentimita 4 na nusu. Mwenye kutamani milima ya Kongo na aazime lenzi ndefu, fedha yake ya lenzi pana aiweke mfukoni.

Hata hivyo lenzi pana ina kazi yake, na kazi hiyo Bujumbura ipo tele. Ila haiko ufukoni, imo mitaani. Mtaa wa Buyenzi, ambao Kiswahili chake hakimpotezi mgeni kutoka Tanzania, una njia zilizonyooka, nazo huitwa kwa namba. Mafundi wa magari wamejaa, misikiti haiko mbali, na nyuma ya milango ya barabarani mna nyua ndogo ambamo watu hupika, hufua, huanika, hupokea wageni na kulala usingizi wa mchana kivulini. Ua wa namna hiyo ndio unaoishinda kamera. Mpiga picha hurudi nyuma hatua moja, ya pili, na ya tatu mgongo wake unagota ukutani, na bado shangazi wawili na watoto watatu wako nje ya picha.

Achukuliwe kwa mfano sajini wa polisi aliyeko Kigoma, mwenye likizo ya siku 28, na bibi mzaa baba wa mkewe yuko Buyenzi. Bibi ni mzee sana. Wajukuu na vitukuu wamekubaliana wakutane kwake, na sajini, kwa kuwa ndiye mwenye kamera, amekabidhiwa kazi ya picha. Kamera yake ni ya kidijitali, ya zile ndogo zinazobadilishwa lenzi, iliyokuja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Mwenzake kazini anamletea lenzi ya zamani ya milimita 28, nzito, ya chuma, inayong'aa. Anaambiwa hiyo ndiyo lenzi pana yenyewe, waliyokuwa wakiitumia wapiga picha wa magazeti. Bei si mbaya. Mkewe anaigeuza mkononi.

"Baba watoto, hiyo fedha ndiyo nauli yetu ya kurudi."

"Mama watoto, picha ya Bibi haingoji mwaka ujao."

Wote wawili wana haki, na ndiyo sababu yafaa kupiga hesabu kabla ya kutoa fedha. Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la saba. Katika kamera ya filamu ya kawaida, picha ndani ya kamera ina upana wa milimita 36. Gawanya 36 kwa namba ya lenzi, kisha zidisha kwa umbali wa watu kwa mita. Jibu ni upana, kwa mita, utakaoingia katika picha. Lenzi ya 50 kutoka mita 4 huchukua karibu mita 2.9. Lenzi ya 35 huchukua mita 4.1, na ya 28 huchukua mita 5.1. Mtu mmoja aliyesimama bega kwa bega na mwenzake huhitaji nusu mita, hivyo kwa lenzi ya 28 safu moja hubeba watu 10.

Lakini kamera ya sajini si ya filamu. Kidude cha ndani kinachopokea picha mahali pa filamu, kiitwacho sensa, katika kamera nyingi za namna yake kina upana wa milimita 22 hadi 24 tu. Akiivalisha kamera hiyo lenzi ya zamani ya 28, kutoka mita 4 atapata mita 3.4, yaani watu 6 kwa safu. Amenunua sifa ya lenzi, upana wake umebaki kwa kamera nyingine. Na ile lenzi yake ya 18 hadi 55, ambayo ameidharau kwa kuwa ni ya plastiki na ilikuja bure na kamera, ikizungushwa hadi 18 humpa zaidi ya mita 5 kutoka umbali ule ule. Ni sawa na ile 28 katika kamera ya filamu. Lenzi pana anayoitafuta amekuwa nayo siku zote kabatini.

Kosa hili huwagharimu wengi. Kabla ya kununua, mtu asimame sebuleni kwake, azungushe lenzi aliyo nayo hadi namba anayouziwa, na atazame nani ameingia na nani ametoka. Jaribio hilo halina gharama, na ndilo linalomrudishia mke wa sajini nauli yake.

Kwa jamii yenye kamera ya zamani ya baba au babu mambo ni tofauti. Zenit ya Urusi na Praktica ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki bado zimo katika makabati mengi, na lenzi zake nyingi hufungwa kwa uzi wa namna moja, wa milimita 42, hivyo lenzi ya moja huweza kuingia katika nyingine. Zenit nyingi zilikuja na Helios ya milimita 58, ambayo uani haifai: kutoka mita 4 huchukua mita 2 na nusu. Kwa kamera hizo kuna Mir-1 ya milimita 37, na kuna Pentacon ya milimita 29, ambayo ndiyo ya kutafutwa. Siku hizi taabu iko katika filamu na mahali pa kuisafishia.

Asiye na kamera, na ana simu, asijione maskini. Lenzi kuu ya simu nyingi za leo ni sawa na milimita 24 hadi 28 za kamera ya filamu, nayo yamtosha Bibi na safu mbili za wajukuu. Baadhi ya simu zina lenzi ya pili iliyo pana zaidi. Hiyo hukusanya ua mzima, pamoja na jiko na kamba ya nguo, lakini nyuso za pembeni huvutwa kama unga.

Nao wenye fedha kidogo ya ziada na kamera ya kidijitali ya sensa ndogo huulizia lenzi mpya iliyo pana kuliko 18. Zipo. Canon ilitoa ya milimita 10 hadi 18 mwaka 2014 kwa bei ya dola 299 za Marekani, na Nikon ikafuata mwaka 2017 na ya 10 hadi 20 kwa bei isiyopishana sana. Zilizokwisha kutumika hupatikana kwa pungufu. Mnunuzi aangalie mambo mawili: ile ya Canon haikutengenezwa kwa kamera zao za sensa kubwa, na ile ya Nikon haifanyi kazi sawasawa katika kamera zao za zamani. Ni lenzi nzuri kwa majengo na mitaa. Kukopa ili kuinunua kwa ajili ya likizo moja ni jambo lisilofaa.

Lenzi iliyotumika ikaguliwe kwa tochi. Mwanga upitishwe upande mmoja, jicho liwe upande wa pili. Mikwaruzo miwili mitatu ya mbele haidhuru. Kinachodhuru ni nyuzi nyeupe ndani ya vioo, kama utando wa buibui: huo ni ukungu, nao hustawi katika mikoba ya ngozi iliyofungiwa kabatini kwenye miji yenye unyevu, Kigoma na Bujumbura zikiwamo. Kizungusho kikaze bila kukwama. Zile bati nyembamba zinazofungua na kufunga tundu la mwanga ziwe kavu. Zikiwa na mafuta, muuzaji ashukuriwe na kuagwa.

Sasa safari yenyewe. Kilomita 12 hivi kabla ya kufika mjini, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe kubwa juu ya mteremko. Livingstone na Stanley walilala hapo kuanzia tarehe 25 hadi 27 Novemba 1871, siku chache baada ya kukutana Ujiji. Hapa lenzi pana yafaa, kwa sharti moja: mpiga picha asogee. Mtoto asimame mita 2 kutoka kwenye kamera, jiwe liwe nyuma yake na ziwa lionekane kwa mbali. Akirudi nyuma ili apate vyote kwa heshima, hapati hata kimoja.

Mjini, mahali pa kuutazama mji wote ni kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi kadhaa kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Kaburi liko mlimani, na chini yake mapaa ya mji huteremka hadi majini. Asubuhi jua hutoka nyuma ya mlima na kuimulika Kongo. Jioni huzama huko huko Kongo na kumpiga mtu machoni. Miezi ya Juni hadi Agosti huwa na vumbi na moshi wa nyasi, na milima ya ng'ambo hufutika kabisa. Baada ya mvua hurudi, na huonekana karibu mno.

Bujumbura si makao makuu ya siasa tena, kwani Gitega ilipewa nafasi hiyo mwaka 2019, lakini walinzi hawakupungua. Uwanja wa ndege wenye mapaa yake meupe ya mviringo, bandari, kambi, vizuizi vya barabarani na majengo ya serikali havipigwi picha. Msomaji wa gazeti hili anajua lenzi inavyoonekana kutoka upande wa lindo, na aliye likizoni katika nchi ya watu ni raia kama raia wengine. Kitambulisho cha kazi hakifungui mlango huo. Huenda kikazidisha maswali. Katika mitaa na masoko, watu waombwe kwanza. Lenzi pana haina siri, maana mwenye kuitumia husimama karibu kiasi cha kusalimiana na anayempiga.

Kuomba ruhusa na kupiga picha leo kuna faida ambayo mtu huigundua baadaye. Soko kuu la kati liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Aliyekuwa na picha ya ndani yake, iwe na ukungu au isiwe nao, ana kitu ambacho mji hauna. Ziwa nalo limepanda katika miaka hii, na kule Gatumba mafuriko ya mwaka 2020 na ya baadaye yaliwahamisha watu wengi kutoka majumbani mwao.

Ndani ya ua wa Buyenzi, sajini hana haraka. Anasubiri jua liache kugonga nusu ya ukuta, ili wote wawe kivulini, kwa sababu kamera haivumilii mwanga na giza kwa pamoja. Anaweka mgongo ukutani na kuzungusha lenzi hadi 18. Bibi anakalishwa katikati, kwenye kiti chenye mgongo. Shangazi na wajomba nyuma yake, watoto mkekani. Vijana warefu hawawekwi pembeni kabisa, maana huko lenzi hunenepesha mashavu. Nafasi moja inaachwa wazi kila upande, kama pindo la kanga. Kamera anaishika kwa kimo cha kifua, bila kuiinamisha, ili kuta zisianguke.

"Shemeji, tumo wote?" anauliza mmoja kutoka nyuma.

"Mmo, shemeji. Hata sufuria imo."

Anapiga tatu. Watu wanaanza kuinuka, na hapo mlango wa barabarani unafunguliwa, anaingia kitukuu kutoka chuoni, juzuu yake kwapani. Bibi anaamuru wote wakae tena. Mahali pamebaki pembeni tu, ambapo sajini hapataki, basi mtoto anapitishwa juu ya vichwa vya wenzake na kupakatwa na Bibi, juzuu ikiwa bado kwapani, na ya nne inapigwa.