Mkia Hauongopi

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimemezwa na maktaba. Sikumezwa. Nilikuwa bize na mtoto wa mbwa. Ndiyo, mbwa. Mliokuja kula pilau mnajua nusu ya mkasa, ila wengi mnaniuliza habari kamili, kwa hiyo leo naumwaga wote. Chukueni chai kabisa.

Kwa wageni: nasoma saikolojia, mwaka wa pili, kaskazini mwa England. Hosteli niliikimbia kwa sababu ya bei. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane wa miaka 74, ambaye hapa nitamwita Bibi kama ambavyo ningemwita kwetu Tanga. Kodi amenipunguzia, nami namsaidia kubeba manunuzi, kukata majani, na mambo ya mbwa. Wenzangu ughaibuni wanabeba maboksi, mimi nabeba kiumbe cha kilo mbili na nusu.

Mbwa wa Bibi ni wa aina iitwayo Papillon. Neno ni la Kifaransa, maana yake kipepeo, kwa sababu masikio yamesimama wima na manyoya yake yametanda kama mabawa. Wapo ndugu zao ambao masikio yamelala, hao huitwa Phalène, yaani nondo. Nondo mdudu jamani, si ya kujengea wala zile mnazoshusha kwenye mitihani. Kwa urefu wanatakiwa wawe kati ya sm 20 na 28 begani. Paka aliyeshiba anaweza kumtisha.

Bibi amewafuga na kuwaonyesha mashindanoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka jana mbwa wake alizaa uzao ambao Bibi mwenyewe alisema ni wa mwisho. Watoto wakiwa na wiki mbili, simu ikaja kutoka hospitali: nafasi ya kubadilishiwa nyonga imepatikana. Akaenda. Aliporudi, wengine wakapata wenyewe, akabaki na jike mmoja tu. Akaniambia nimpe jina la nyumbani. Nikamwita Njugu. Bibi mpaka leo anatamka "Najugu", nimeshaacha kumrekebisha.

Sasa, maonyesho ya mbwa ni nini? Fikirieni ng'ombe wa maziwa Nane Nane. Kila aina ina maelezo yake yaliyoandikwa: kichwa kiweje, mgongo uweje, atembeeje. Jaji anatazama nani amekaribia zaidi maelezo hayo. Makubwa kuliko yote hapa Uingereza ni Crufts, yaliyoanzishwa na Charles Cruft mwaka 1891 jijini London, na siku hizi hufanyika Birmingham kila mwezi Machi. Mwaka 2019 mshindi wa jumla alikuwa Papillon, na Bibi anaongelea siku ile kama baba yangu anavyoongelea enzi za Simba kufika fainali. Chini ya hapo kuna maonyesho madogo madogo ya mtaani, kwenye kumbi za shule na za michezo, na huko ndiko wanakoanzia watoto. Chini ya miezi sita haruhusiwi kushindana. Wakenya wasicheke sana, maana hata Nairobi ipo East Africa Kennel Club na maonyesho yake.

Nilidhani maandalizi ni shampuu na kitana. Hayo ndiyo madogo! Papillon hana manyoya ya ndani kama mbwa wa baridi, ana tabaka moja tu la hariri. Unamwogesha siku moja kabla, unamkausha kwa upepo wa vuguvugu, unachana polepole kuanzia nchani, unapunguza kucha na vinyweleo vya chini ya nyayo, umemaliza. Yale mapambo ya masikioni huchukua zaidi ya mwaka kuota vizuri, kwa hiyo mtoto wa miezi saba anaonekana kama mwanafunzi wa fomu wani aliyenyolewa kipara, na majaji wanalijua hilo.

Kazi kubwa ni mikono ya watu. Mbwa mkubwa jaji humkagua akiwa chini, mbwa mdogo hupandishwa mezani. Hapo anakuja mtu asiyemjua kabisa, anamwinamia, anamfunua mdomo kuona meno, anapapasa masikio, mabega, mbavu, magoti, mpaka mkia. Baada ya hapo anashushwa, anatembezwa kwa pembetatu, halafu kwenda na kurudi, kamba ikiwa imelegea. Yote haya mkia uwe umejikunja juu ya mgongo, manyoya yakimwagikia ubavuni. Akiogopa, mkia unashuka, na ukishashuka hakuna kitana kitakachounyanyua.

Njugu alikuwa anaogopa. Sababu haikuwa ngumu. Watafiti wawili wa Marekani, Scott na Fuller, waliandika mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa huizoea dunia hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili. Kwa Njugu wiki hizo zilipita Bibi akiuguza nyonga, nyumba haina wageni, milango imefungwa. Dunia yake ilikuwa na watu watatu: Bibi, mimi na jirani aliyekuwa akileta supu.

Alipofikisha miezi minne tukampeleka kwenye mafunzo ya ulingoni, ukumbi mmoja wa kijiji, kila Jumanne jioni. Mzee mmoja mrefu mwenye kofia akamwinamia pale mezani. Njugu akatetemeka kama simu iliyowekwa mtetemo, mkia ukaingia chini ya tumbo. Mmoja wa wazoefu akatushauri: "Mshikeni tu barabara, kila wiki, atazoea." Bibi akamshukuru, akamchukua mbwa wake, tukaondoka. Ndani ya gari akasema neno moja ambalo sitalisahau. Akasema akifika miezi saba bado anatetemeka, basi, atakuwa mbwa wa kochi na hakuna atakayemlaumu. Alisema kwa upole kabisa. Lakini mimi nimeuona ukuta wa sebuleni kwake, picha za mbwa wa miaka thelathini, kila mmoja mama au bibi wa mwenzake. Nilielewa ukuta ule ungeishia wapi.

Hapo ndipo leksha iliponikuta. Wiki ile ile tulikuwa tunasoma majaribio ya Martin Seligman na Steven Maier, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 1967. Walitumia mbwa, na ni majaribio ya kusikitisha. Kundi moja la mbwa walipigwa shoti za umeme ambazo wangeweza kuzizima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi jingine walipigwa shoti zile zile bila uwezo wa kufanya lolote. Baadaye wote waliwekwa kwenye sanduku ambalo ukiruka kizuizi kidogo tu umeokoka. La kwanza waliruka. La pili, wengi wao walilala chini wakalia. Mlango wa kutokea upo, hawautafuti.

Nikamfikiria yule mshauri wa "atazoea tu". Mbwa anayeshikwa kwa nguvu kila wiki kweli ataacha kutetemeka siku moja. Lakini huenda hakuzoea. Huenda amekata tamaa. Kwa mbali hali hizi mbili zinafanana sana, mbwa ametulia mezani. Tofauti iko mkiani.

Halafu mhadhiri akatuongezea kwamba mwaka 2016 Maier na Seligman wenyewe waliirekebisha nadharia yao. Wakasema kunyong'onyea ndiyo hali ya asili ya kiumbe kinapopata shida ndefu. Kinachofundishika ni kile kingine, yaani kujua kwamba una la kufanya. Nikaipigia mstari sentensi ile mara mbili, nikarudi nyumbani nikamweleza Bibi huku akimenya viazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hilo nilikuwa nalijua, ila sikuwa na jina lake." Miaka mitatu ya ada yangu imefupishwa hivyo!

Tukaanza upya. Meza tukaiweka kando, tukatandika mkeka wa mpira sakafuni jikoni. Kila siku dakika mbili, si zaidi. Naweka mkono chini. Njugu akiusogelea anapata kipande cha ini la kuku lililokaushwa. Mkono unagusa kidevu, sekunde moja. Akigeuza kichwa, mkono unaondoka papo hapo. Hiyo ndiyo siri yote: yeye ndiye mwenye breki. Mdomo hatukuufungua kwa muda, maana kati ya miezi minne na sita meno ya utotoni yanang'oka na fizi zinauma. Tulinyanyua mdomo kidogo tu na kuacha. Mkeka ukahamia kwenye kistuli, kutoka kistuli ukapanda mezani, na mkono wangu mmoja ukiwa karibu muda wote, kwa sababu mifupa ya miguu ya mbele ya mbwa hawa ni myembamba na kuruka kutoka juu huivunja. Baada ya wiki tatu alikuwa anageuza kichwa mara chache sana. Alishajua anaweza, kwa hiyo hakuhitaji.

Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi. Nakubali. Ila nimejifunza kuna kumkunja na kuna kumvunja.

Tatizo likabaki moja: watu. Sisi wawili alishatuzoea. Tukahitaji wageni wengi, wa kila sura na kila sauti, na hapo ndipo ninyi mlipoingia. Ndiyo sababu ya yale mapilau ya Jumamosi, sasa nasema wazi. Mlikula, mkalipa kwa mikono yenu. Jamaa wa Kisumu mwenye sauti ya besi, dada wa Bujumbura na marashi yake, mshkaji wa Mbeya mwenye koti linalopiga kelele kama mfuko wa nailoni. Wote mlipewa sheria moja: simama ubavu, mkono chini, subiri yeye aje.

Nawashukuru wote, ila mmoja nampa shukrani za pekee, na ameniruhusu kuandika. Aling'atwa na mbwa akiwa na miaka sita, ana kovu pajani, na kwa miaka yote hii huvuka barabara akiona mbwa. Siku ya kwanza alikaa mlangoni na sahani yake. Ya pili akakaa kwenye kiti, miguu juu. Ya tatu akashusha mkono, unatetemeka. Njugu naye anatetemeka upande wa pili wa mkeka. Mimi na Bibi tukanyamaza kimya. Ilichukua kama dakika kumi, pilau likapoa, hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Mwishowe Njugu akaenda akalamba kidole kimoja, akarudi nyuma, mkia juu. Yule ndugu akacheka huku machozi yanamtoka. Wiki iliyofuata yeye ndiye aliyemkagua meno.

Kabla sijafika siku yenyewe, niseme na upande wa pili, nisionekane nimenunuliwa. Maonyesho haya yana lawama za kweli. Mwaka 2008 BBC ilirusha filamu iitwayo Pedigree Dogs Exposed, ikionyesha mbwa wanaozalishwa kwa sura mpaka wanashindwa kupumua au wanaumwa maisha yao yote. Mwaka 2009 BBC ikaacha kutangaza Crufts. Mwaka 2012 madaktari wa mifugo waliwakagua washindi wa aina 15 pale Crufts, na sita wakanyimwa kuendelea. Bibi halikwepi hilo. Papillon shida yao ni magoti yanayoteguka na maradhi ya macho, na yeye hazalishi bila wazazi wote wawili kupimwa. Anasema kama mbwa hawezi kuruka kochini kwa furaha, utepe ni wa nini?

Basi, Jumapili ya wiki jana, ukumbi wa michezo wa shule moja. Njugu ana miezi saba na siku kadhaa. Namba nimebandikwa mkononi, suti ya kuazima, Bibi kwenye kiti cha kukunja kando ya ulingo na fimbo yake. Darasa letu lilikuwa na watoto watano. Zamu yetu ikafika, nikampandisha mezani. Jaji akaja, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, ikawa inachezacheza mbele ya uso wa Njugu. Nikauona mkia unashuka. Nusu.

Mkono wangu ulitaka kumkamata. Nikauacha kamba ilegee kama Bibi alivyonifundisha. Njugu akageuza kichwa pembeni. Na yule mama, Mungu ambariki, akasimama. Akaikunja miwani, akashusha mkono, akasubiri. Pengine sekunde tatu. Njugu akarudisha uso mwenyewe, akaunusa ule mkono, na mkia ukapanda ukamwagika juu ya mgongo kama chemchemi. Meno, masikio, magoti, yote akakaguliwa akiwa anatazama watu. Tulipotembea pembetatu nilipunguza hatua zangu ndefu za Kitanga, naye akatiririka pembeni yangu, kamba imelegea.

Tumekuwa wa tatu. Hapa wa kwanza hupewa kadi nyekundu, wa pili buluu, wa tatu njano. Bibi hakupiga makofi. Aliichukua ile kadi ya njano, akaitia kwenye mkoba, akapenga kamasi, akaniuliza kama nina njaa.

Jana nikampigia mama simu. Akasema, "Mwanangu, tumeuza shamba ukaogeshe mbwa?" Nikamweleza yote, akanyamaza, akauliza, "Wa tatu kati ya wangapi?" Nikasema watano. "Haya, na mtihani lini?"

Ni wiki mbili zijazo, mama. Kwa hiyo wapendwa nawaaga, nakimbilia maktaba. Jumamosi hii pilau lipo kama kawaida, njooni, ila mfano huu mleteni na watu wapya. Bado hajaonana na mtu mwenye ndevu ndefu.