Ufunguo wa Chumba cha Mama



Basi liliondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, nasi tukiwa na ufunguo mmoja mfukoni. Ulikuwa ufunguo wa chumba cha marehemu mama yetu, katika nyumba ya mawe mtaani Mkomani, Lamu. Tulikifunga kwa mkono wetu siku ya tatu baada ya maziko, tukasema tutarudi kugawa vitu vyake mambo yakitulia. Ikapita miaka sita. Katika miaka hiyo tuliwasomesha wanafunzi somo la mirathi mara nyingi, tukawaeleza kwamba zikishatolewa gharama za maziko, madeni na wasia, mali ya maiti huwa ni haki ya warithi, wala hapana ruhusa kwa mmoja kuifungia wenziwe. Tuliyasema hayo na ufunguo umo mfukoni.

Kilichotutoa Mombasa ni simu ya dada yetu mkubwa. Binti yake amefiwa na mumewe, akarudi nyumbani na watoto watatu, wakawa wote wanalala pamoja naye katika msana mmoja. Lakini dada hakuomba chumba. Alisema tu, “Ndugu yangu, mchwa wameshaupanda mlango wa mama. Ukijaaliwa, njoo utazame.” Aliificha haja yake kwa stahi, nasi ilituchukua siku mbili kuielewa.

Tulipita Malindi, Garsen na Witu, tukafika Mokowe jua limeanza kuinama. Hapo gari hukoma, mtu akashuka gatini na kupanda mashua. Msafiri wa Lamu hujifunza jambo kabla hajafika: kila anachokibeba kitashushwa garini, kipakiwe chomboni, kipakuliwe tena, kisha kipite vichochoroni kwa bega la mtu au mgongo wa punda. Kule Mombasa tunanunua kitu na kukitia garini bila ya kuhisi uzito wake. Lamu kila kitu kina uzito.

Wajuao nyumba za mawe za mji huo, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, wanajua kwamba vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Sababu yake ni boriti. Dari huchukuliwa na boriti za mikoko, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko zinavyoweza kubeba. Upande wa ndani kabisa, ukutani, mna zidaka zilizochongwa kwa chokaa, mahali pa msahafu, vitabu na vyombo vya thamani. Tusiwasifu wazee kupita kiasi, kwani zidaka zilikuwa za fahari pia, na sahani za Uchina ziliwekwa humo zipate kutazamwa. Lakini hata fahari ilikuwa na kipimo chake: zidaka zikijaa, ukuta umejaa.

Tulifungua mlango asubuhi ya pili. Chumba kilikuwa kimejaa maboksi kutoka sakafuni hadi kifuani mwa mtu. Mlikuwa na seti za vikombe, mablanketi ndani ya mifuko yake, beseni zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, na chupa za chai kumi na moja. Juu ya maboksi mengi tukaona mwandiko tunaoujua, kwa kuwa ni wetu wenyewe. Tulimpelekea mama kila Idi, na kila tuliposafiri. Ndugu yetu aliyeko Muscat naye alileta yake. Mama alipokea, akashukuru, akaomba dua, akaviweka “vya wageni.” Vingi havikufunguliwa. Yale mablanketi ya chini mchwa walikuwa wamekwisha kuyala.

Vitu alivyovitumia mama vilikuwa vichache mno. Katika kidaka kimoja mlikuwa na msahafu, tasbihi, miwani na chetezo. Nyuma ya mlango palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kata na mkeka uliokatika pembe. Tukasimama kimya. Tulidhani tunamtukuza mama kwa wingi wa vitu, kumbe tulimpunguzia nafasi ya kutandika mswala wake.

Hapo mtu angetarajia kwamba kazi ingekuwa rahisi. Haikuwa. Tulipanga mafungu mawili, la kutoa na la kuweka, na kila dada akigeuka, sisi tulikirudisha kitu kwenye fungu la kuweka. Saa ya ukutani iliyokufa, tukasema itatengenezwa. Kikombe kisicho mkono, tukasema mama alikinywea. Boksi la barua, tukasema tutazisoma. Adhuhuri ilipoadhiniwa fungu la kutoa lilikuwa na beseni mbili. Dada akatutazama kwa upole, akasema, “Ndugu yangu, wewe hugawi, wahamisha.”

Usiku ule, baada ya sala ya isha, tulibaki msikitini tukakumbuka darsa tuliyoipokea ujanani kuhusu vyumba vya wakeze Mtume, rehema na amani zimshukie. Hasan al-Basri amesimulia kwamba alipokuwa kijana, zama za ukhalifa wa Sayyidna Uthman, aliingia katika nyumba hizo na kuigusa dari kwa mkono wake. Baadaye, zama za al-Walid bin Abdulmalik, vyumba hivyo vilibomolewa ili msikiti upanuliwe, na watu wa Madina wakalia. Imepokewa kwamba Said bin al-Musayyib alitamani lau vingeachwa kama vilivyo, ili wanaoinukia na wanaotoka mbali waone Mtume alitosheka na nini. Tuliisomesha habari hiyo kwa miaka, na mara zote tuliwatia machoni matajiri wa mjini. Usiku ule ilitusimamia sisi.

Asubuhi tulimpigia ndugu yetu wa Muscat na dada yetu mdogo. Baba na wazazi wa mama wametangulia mbele ya haki, warithi ni sisi wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, hivyo mafungu ni sita: mawili kwa kila mwanamume na moja kwa kila mwanamke. Tuliandika kila kitu na kukitia thamani. Kisha tukamwuliza kila mmoja peke yake, si mbele ya wenziwe, kama yuko radhi fungu lake la vyombo apewe mpwa wetu, kwani kinachotolewa kwa kuona haya hakina baraka. Wote waliridhia, na sote ni watu wazima. Lau mmoja wetu angekuwa mtoto mdogo au yatima, fungu lake lisingeguswa.

Mpwa wetu alichagua vichache, vingine akaviuza, na vilivyobaki punda wawili walivichukua kwa jamaa wenye haja. Kufikia magharibi sakafu ilionekana. Watoto waliingia wakakimbia kutoka ukuta hadi ukuta, maana kwa miaka sita chumba hicho kwao kilikuwa mlango tu. Asubuhi iliyofuata tulimkuta mama yao akichuja tui kwa kifumbu cha bibi yake. Tukala mkate wa mofa na samaki wa nazi juu ya ule mkeka uliokatika pembe. Hatukumbuki karamu iliyotupa utulivu kama ule.

Tulipokuwa tukiaga, dada alituuliza, “Na ile miaka sita?” Hakuwa na hasira. Tulimwomba radhi, yeye na binti yake, na tunaliandika jambo hili ili asiyejua ajue kwamba sheikh naye huweza kulisomesha somo na asilifanye.

Kina mama na kina baba, kama katika nyumba yenu kuna chumba kilichofungwa kwa ajili ya marehemu, kaeni na warithi mwezi huu, andikeni, gaweni. Mnaowapelekea wazazi zawadi, kwanza waulizeni wanahitaji nini. Huenda mama anataka mkae naye saa moja tu. Sisi tulirudi Mombasa bila ya ufunguo, tukamkuta bibi wa nyumba amekwisha kuufungua mlango wa stoo yetu, akitungoja.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu na atujaalie kutosheka. Wabillahi tawfiq.