Lenzi Kuukuu kwa Negativi Kubwa

Nilipoanza kutumia kamera kubwa hapa London, mwishoni mwa miaka ya 1990, niliamini kwamba lenzi bora ni ile iliyotoka kiwandani juzi. Kamera yangu ilitumia filamu za bapa za inchi 4 kwa 5, nami nikaitafutia lenzi ya kisasa ya milimita 150. Picha zake zilikuwa kali hadi unywele wa mwisho, na sikuona sababu ya kutazama vyombo vya zamani.

Imani hiyo ilianza kulegea nilipohamia inchi 8 kwa 10. Negativi ya ukubwa huo mara nyingi haikuzwi. Huilaza juu ya karatasi, ukasafisha picha ya kipimo kilekile. Hapo ukali wa ziada wa lenzi mpya jicho haliuoni. Edward Weston, Mmarekani aliyesifika kwa negativi za namna hiyo, alipokuwa Meksiko katika miaka ya 1920 alitumia Rapid Rectilinear, muundo wa mwaka 1866, na picha zake zinaheshimiwa hadi leo.

Wakati nilipohamia inchi 8 kwa 10, studio nyingi zilikuwa zikihamia dijitali na kuuza vifaa vyao kwa bei ya kutupa. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga yake aliniuzia Dagor ya kampuni ya Goerz ya Berlin. Emil von Höegh aliibuni mwaka 1892: vioo sita vilivyogandishwa katika mafungu mawili, hivyo ni nyuso nne tu zinazogusana na hewa. Kila uso usio na mipako hupoteza mwanga kidogo, na mwanga huo ukitangatanga ndani ya lenzi huifubaza picha. Kwa kuwa nyuso zake ni chache, Dagor ilifanya kazi vizuri miongo kadhaa kabla ya Zeiss kuvumbua mipako mwaka 1935. Katika picha za watu ilinipa ngozi laini na vivuli vyenye uhai, na tangu hapo lenzi yangu mpya ikawa inakaa kabatini.

Sasa biashara imehamia kwenye minada ya intaneti. Lenzi za shaba za mtindo wa Petzval, zilizobuniwa mwaka 1840, zamani zilikuwa mapambo ya madirishani. Zimepanda bei sana tangu wapiga picha waliporudia mbinu ya zamani ya mabamba ya kolodiani.

Mnadani huwezi kuishika lenzi kabla ya kulipa, kwa hiyo mnunuzi wa leo anahitaji macho zaidi kuliko pesa. Mwombe muuzaji amulike tochi ndani ya lenzi na akupigie picha. Mikwaruzo midogo ya mbele haina madhara makubwa, lakini kuvu iliyokwisha kula kioo haiondoki, na gundi iliyoachana kati ya vioo ni ghali kutengeneza. Uliza kama duara la picha linazidi milimita 310, maana pungufu ya hapo pembe za inchi 8 kwa 10 zitabaki nyeusi. Lenzi isiyo na shata usiiogope: bana tundu hadi f/45, fungua kifuniko, hesabu sekunde, funika. Ukipata Dagor, hakiki fokasi tena baada ya kubana tundu, kwa sababu huhama.

Usinunue jina. Nunua kioo kizima, kisha kitumie miaka mingi hadi ukijue.