Mchungwa Uliopakwa Chokaa

Mvua zikiisha na mpunga ukivunwa, hapa Kakese karibu na Mpanda huwa ni wakati mwema wa kupaka chokaa mashina ya miti ya matunda. Kazi hii ni njema, nasi hatuikatazi. Lakini sisi tuliifanya vibaya, tukapata hasara na aibu. Basi twaona ni wajibu wetu kuwaambia, msije mkajikwaa pale tulipojikwaa.

Baba yetu alipanda mchungwa mbele ya nyumba mwaka ule aliobatizwa. Alipofariki tukaurithi pamoja na shamba la mpunga. Kwa machungwa yake tulinunua madaftari ya watoto, na wageni walipumzika kivulini mwake. Mwaka mmoja Padre alitazamiwa kuzuru nyumba za Wakristo. Tukarundika udongo na majani makavu shinani, tukidhani twaulisha mti, kisha tukaupaka chokaa hata panda ya kwanza. Ukapendeza macho kama aliyevaa kanzu.

Bibi mmoja, jirani yetu, akapita akasimama. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu." Kisha akainama, akagusa gome karibu na ardhi, akasema, "Mti huu unalia, nanyi mmeufunika uso."

Alisema kweli. Kabla ya kupaka tulikuwa tumeona matone ya ulimbo yakitoka gomeni, tukayapaka juu yake, kwa kuwa Padre alikuwa karibu kufika. Bibi tulimshukuru kwa midomo, lakini mioyoni tulikasirika.

Mvua zilizofuata hazijakwisha, majani yakageuka manjano, matawi yakakauka, mti ukafa. Tulipobandua gome, tulikuta limeoza kulizunguka shina lote. Bwana shamba akatufahamisha ya kuwa ugonjwa huo hukaa katika udongo wenye maji mengi, nao huingia katika gome lililofukiwa. Ukiisha kulizunguka shina, chakula kitokacho majanini hakishuki tena mizizini. Basi si chokaa iliyoua mti wetu, bali udongo tuliourundika na maradhi tuliyoyaficha.

Chokaa ina kazi yake. Weupe wake hurudisha ukali wa jua, gome lisiungue na kupasuka wakati wa kiangazi, hasa gome la mti mchanga au uliopunguzwa matawi. Tena juu ya weupe huo njia za mchwa huonekana upesi, zikafutwa. Walakini haiui mchwa, wala haizuii moto wa porini. Kwa moto hapana budi kufyeka nyasi kuuzunguka mti.

Sasa twafanya hivi. Kwanza twaondoa udongo shinani hata mwanzo wa mizizi uonekane, na kuchimba mfereji maji yasituame. Pili twasugua gome kwa gunzi la mahindi, huku tukilitazama vema. Penye ulimbo twakwangua kwa kisu hata kufikia gome zima, twaacha pakauke, kisha twapaka dawa ya mrututu na chokaa, kilo 1 kwa kilo 1 katika maji lita 10, ndani ya chombo kisicho cha chuma. Dawa hiyo ilitangazwa huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885, kwa ajili ya mizabibu. Ni sumu, watoto wasiiguse. Mwisho twapaka chokaa iliyozimwa, iliyokorogwa kama uji mwepesi. Rangi ya mafuta hatutumii.

Lakini liko jambo lililotuuma kuliko kufa kwa mti. Siku zile tulikuwa na ugomvi na ndugu yetu juu ya mpaka wa shamba la mpunga. Kila Jumapili tulikwenda Komunyo kwa nguo safi na kinyongo ndani. Tulipokuwa tukichimbua kisiki, neno la bibi likaturudia, tukajua ya kuwa si mti peke yake uliosemwa. Bwana wetu aliwafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa; neno hilo tulilisikia mara nyingi, tusidhani kuwa twaambiwa sisi.

Jioni ile tukaenda kwa ndugu yetu. Hakutufungulia. Mara ya pili alitusikiliza akiwa mlangoni. Mara ya tatu akatukaribisha ndani, na kesho yake tukapima mpaka pamoja. Tulipungukiwa hatua nne za shamba, na usiku ule tulilala usingizi mwema. Yeye ndiye aliyetuletea mche mpya wa mchungwa, nao tumeupanda mbali na kisiki cha zamani, juu ya tuta, shina lake li wazi.

Basi, enyi wazazi na walimu, mwaka huu kabla ya kuchovya brashi katika chokaa, inameni kwanza mkatazame gome. Na jirani akiwaambia ya kuwa mti unalia, msimkasirikie.