Mahindi na Chokaa

Msomaji kijana, huenda umepata kusikia habari za taco, chakula cha watu wa Meksiko. Jina hilo huwachekesha wanafunzi wangu kila nilitajapo. Nawe ukitaka kucheka, cheka kwanza, kisha unisikilize. Taco ni chapati nyembamba ya mahindi iliyokunjwa juu ya kitoweo, ikaliwa kwa mkono kabla haijapoa. Wengi hudhani kuwa utamu wake umo katika nyama na pilipili. Mimi nasema umo katika chapati, na chapati hiyo huanza kutengenezwa jana yake, katika chungu cha chokaa.

Usishtuke. Sisemi chokaa ya kupaka ukuta, bali ile safi ya kuliwa, mfano wa ile ambayo wazee wa pwani huipaka juu ya jani la tambuu. Twaa kilo 1 ya mahindi makavu yasiyokobolewa, maji lita 3 na chokaa gramu 10. Pima kwa mizani, usikisie, tena jihadhari isikuingie machoni, kwani huunguza. Sufuria ya alumini haifai kabisa, maana chokaa huila. Chemsha kwa moto wa kadiri, yapata nusu saa au zaidi, hata ganda la punje liteleze ukilisugua kwa vidole. Kisha epua, funika, uyalaze mahindi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale ya manjano, uyaoshe mahindi mara kadhaa, uyasage yangali mabichi kwa maji.

Utaniuliza, "Mwalimu, mbona tusiukande unga wa ugali, tukapumzika?" Ukande uone! Donge litakupasukia mikononi. Chokaa hulegeza ganda la punje, unga ukapata kunata.

Lakini kunata ni jambo dogo. Ndani ya mahindi mna vitamini iitwayo niasini, nayo imefungwa hata tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Chokaa ndiyo ufunguo. Wenyeji wa Meksiko walikuwa na desturi hii karne nyingi kabla Wahispania hawajatua kwao mwaka 1519. Wageni wale walichukua mahindi, wakaiacha chokaa. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal aliwaona wakulima maskini wa Asturias, katika Hispania, wakiugua ugonjwa ambao baadaye uliitwa pelagra: ngozi hugeuka magamba penye jua, tumbo huharisha, akili huvurugika, na mwisho wake ni mauti. Kusini mwa Marekani uliua maelfu ya watu mwanzoni mwa karne ya 20. Joseph Goldberger alionyesha kuwa chanzo chake ni chakula duni, wala si vijidudu. Na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaitambua dawa yake, niasini. Wala usidhani kuwa hizi ni habari za kale na za mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wakiishi kwa posho ya mahindi, waliugua kwa maelfu njugu zilipokosekana katika posho yao.

Sisi wala ugali hatutumii chokaa. Hukingwa na maharagwe, maziwa, njugu, samaki na nyama. Ndiyo sababu humkazia macho mwanafunzi anayechagua mahindi katika githeri na kuyasukuma maharagwe kando ya sahani.

Haya, turudi jikoni. Ukande unga wako kwa maji kidogo hata usigande mkononi wala usipasuke. Fanya madonge kadiri ya ndimu, na kila donge ulibane kati ya karatasi mbili za nailoni chini ya ubao. Weka chapati juu ya chuma kikavu chenye moto mkali, bila mafuta. Igeuze baada ya nusu dakika, tena baada ya dakika moja. Ikifura, furahi nawe. Zifunike kwa kitambaa zisikauke. Nyama iliyochomwa ikate vipande vidogo, uongeze kitunguu kibichi, dhania, pilipili na ndimu. Usijaze mno. Na ulapo, inama mbele juu ya sahani, maana mchuzi huchuruzika, na shati la shule ni jeupe.